Magunia Mawili na Debe Moja

Kalama, Machakos
24 Novemba 2001

Dada yangu Ndanu,

Nakusalimu kutoka nyumbani, nikiwa nimekaa kwenye kile kiti cha Baba chenye mguu mmoja mfupi, kile ulichokuwa ukinionya nisikikalie tulipokuwa wadogo. U hali gani? Shemeji Mutinda na watoto hawajambo? Je, mvua imefika huko Ndithini, au bado mnaitazama tu ikinyesha ng'ambo? Hapa tumepata mvua tatu nzuri, na mwaitu, mama yetu, alikuwa amekwisha kupanda kunde na mbaazi kabla sijapata hata jembe la kumsaidia. Goti bado linamsumbua ila hataki litajwe. Ameniagiza nikwambie kwamba yule mbuzi wa pembe moja amezaa mapacha, na kwamba mmoja ni wako, mradi uje kumchukua kwa miguu yako mwenyewe. Usinilaumu mimi, nimetumwa tu.

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita. Najua umekwisha kusema kwamba mdogo wako amekuwa mtu wa Nairobi, hajibu barua za watu wa shamba. Si hivyo. Nimechukua likizo nikaja huku, nimeisoma barua yako mara nyingi, na kila siku nimeahidi kuijibu kesho. Leo mwaitu amekwenda kwa jirani yetu Mbinya kuchambua mbegu, nyumba imenyamaza, na sina tena pa kujificha.

Uliniomba jambo moja. Uliandika kwamba mimi ndimi mtu wetu katika lile gazeti, na kwamba hata kama wakubwa wanaficha, wafanyakazi hujuana. Basi nikutafutie jina la yule aliyekihakiki kitabu cha Baba mwezi wa pili akajiita "Mhakiki Wetu". Ukasema hutaki ugomvi naye. Unataka kumwandikia tu, umwulize mambo mawili: kama alikisoma kitabu, na kama alikisoma, alilitoa wapi lile debe. Nitakujibu yote, jina na debe. Lakini naomba kwanza nikueleze uhakiki unavyoandikwa kwetu, maana jina peke yake litakuwa jawabu fupi mno.

Vitabu vinafika gazetini kila wiki, vingine kwa posta, vingine vikiletwa na waandishi wenyewe wakiwa wamevaa suti ya arusi. Vinawekwa kwenye meza ya Bwana Waithaka, mhariri wa kurasa za Jumamosi. Waithaka si mtu mbaya. Amesoma sana, na anapenda watu. Ila ana desturi moja: kitabu kikifika, anakishika mkononi kama mama anayepima papai sokoni, anasoma jalada la nyuma kwa sauti, kisha anasema kiko fungu gani. Akishasema, kimekwisha. Mhakiki hupewa kitabu pamoja na hukumu yake.

Na vile vya fungu la Baba, vya watu wanaosema serikali ipunguze mkono, mkulima aachwe auze anapotaka, mtu aachwe aseme na atembee na afanye kazi yake bila kibali cha kila hatua, vile vilikuwa na hukumu tatu zilizo tayari siku zote. Waliosoma siasa za kushoto chuoni walisema mwandishi ni kibaraka wa mabenki ya ng'ambo, yale yaliyotuletea ada za hospitali na kufukuzwa kazi. Waliokuwa na jamaa zao serikalini walisema ni mchochezi. Na wasio na upande wowote walisema ni mbinafsi, mtu asiyetaka kuchangia, kisha wakauliza swali lao lile lile: nani atajenga barabara? Nimekaa katika chumba kile miaka sita, Ndanu. Swali hilo nimelisikia likiulizwa kama mara arobaini, na sikumbuki hata mara moja mtu akikifungua kitabu kuona kama mwenyewe amelijibu.

Sasa mkumbuke Baba. Fundi wa mizani, mtu aliyezunguka soko zote kuanzia Kalama hadi Mwala na kisanduku chake cha mawe ya kupimia, akirekebisha mizani za wenye duka na kuwagombeza waliozichezea. Alipostaafu akaanza kuandika, nasi tukamcheka kidogo kidogo, hata wewe usijitoe. Miaka minne akaandika. Kisha akampelekea Njogu, yule mpiga chapa wa pale mjini Machakos anayechapa kadi za arusi na vitabu vya stakabadhi, naye Njogu akachapa karatasi za nakala mia tatu za *Mwache Mtu Apande*. Halafu mashine yake ya kukatia karatasi ikaharibika, na kuvipeleka vitabu Nairobi kushonwa hakukuwezekana.

Hapo ndipo ulipoingia wewe na mwethya, kile kikundi cha wanawake wa kusaidiana kazi. Nakumbuka ulivyoniandikia kwamba Mbinya alisimama katika kikundi akasema wamechimba matuta pamoja, wamejenga bwawa la mchanga pamoja, hawashindwi na kitabu. Wanawake kumi na saba, Agosti nzima, wakikaa uani kwetu kukunja karatasi na kuzishona kwa uzi wa mkonge waliousokota mapajani, uzi ule ule wa viondo. Wewe ulitoka Ndithini kuja kushona, mimi nilisema nina kazi nyingi. Na kwa kuwa hapakuwa na mashine ya kukata, kurasa zilibaki zimeungana ukingoni. Baba akakata kwa kisu zile kumi na sita za kwanza za kila nakala ili mnunuzi aonje, nyingine akaziacha. Akasema msomaji atakata mwenyewe, na asiye na kisu hana haja. Kila nakala akaiandika namba kwa wino. Mbili akazituma gazetini kwetu kwa posta, akakataa kunipa mimi nizipeleke, kwa sababu, alivyomwambia mwaitu, mizani haipimwi na mtoto wa mwenye duka.

Uhakiki uliotoka unaujua. Nina hakika unaujua kwa moyo, lakini niuandike hapa, maana nataka uone kwamba nami naujua. Ulisema kitabu kimeshonwa kama kiondo kilichosukwa gizani, na kwamba mawazo yake hayakushonwa vizuri zaidi. Ulisema mwandishi hamjui jirani, kwamba ulimwengu wake una mtu mmoja tu, naye ni yeye mwenyewe. Ukamalizia kwa dhihaka kwamba ati kwa sababu askari walimmwagia mzee magunia mawili na debe moja la mahindi zamani zile, basi serikali nzima ifungashe virago.

Najua yaliyofuata, ingawa mengine nimeyasikia wiki hizi tu. Gazeti lilisomwa kwa sauti dukani, siku ya soko, na watu wakacheka, si kwa ubaya, kama watu wanavyocheka mtu wao akiandikwa. Wale wanawake wa mwethya walisikia kuhusu kiondo cha gizani. Mbinya alisikia kuhusu debe. Mwaitu anasema Mbinya alitoka pale bila kununua chumvi aliyoifuata, akaja hadi hapa uani, akamwuliza Baba kama lile debe lilikuwa lake. Baba hakuwahi kumdanganya mtu kwa kipimo. Akasema ndiyo.

Wewe hukuwapo barabarani mwaka ule wa themanini na nne, na hukuambiwa yote, kwa hiyo ngoja nikwambie. Ile ndiyo njaa iliyoitwa Nikw'a Ngwete, nafa nimeshika, kwa kuwa watu walikuwa na pesa mkononi na hakuna cha kununua. Baba alikodi pikapu tukaenda kununua mahindi upande wa Murang'a. Mimi nilikuwa kidato cha pili, nilichukuliwa kwa ajili ya kubeba. Wakati ule mtu hakuruhusiwa kuvusha zaidi ya magunia mawili kutoka wilaya moja hadi nyingine bila kibali. Baba alinunua magunia mawili kamili, kisheria. Debe moja juu yake lilikuwa la Mbinya, aliyekuwa ameachwa mjane na watoto wanne, na alimwomba Baba amletee chochote. Basi kwenye kizuizi askari wakapima. Lile debe likatutia hatiani. Baba akajaribu kueleza, wakamwambia ashukuru hawamfungi, wakayakata magunia kwa kisu na kuyamwaga yote kando ya barabara, kwenye vumbi, nchi nzima ikiwa na njaa.

Asubuhi yake mwaitu aliposikia alisema neno moja. Alisema, "Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mahindi si maji." Akawaita wanawake wa mwethya, wakatembea hadi pale na nyungo zao, wakapepeta vumbi mchana kutwa. Wewe ulikuwa umekwisha kuolewa. Yalipatikana kama gunia moja na nusu, na kila nyumba ikapata chake. Mbinya naye akapepeta, hajui kwamba anapepeta kwa sababu ya debe lake. Baba alikuwa ameniita kando akaniambia nisimwambie mtu, hata mwaitu. Tukasema tu kwamba hatukuwa na kibali. Siri hiyo aliitunza miaka kumi na saba, na hata katika kitabu, kila alipogusia mahindi yale, aliandika tu "mahindi yetu". Uliona vizuri, dada. Debe halimo kitabuni. Wewe pekee ndiye uliyeona. Dereva wa pikapu, uliyemshuku katika barua yako, alifariki zamani sana, mpumzishe.

Baada ya gazeti kutoka, Baba alivipakia vitabu vilivyobaki katika magunia akavipandisha ghalani juu ya mahindi. Hakugombana na mtu. Mizani alizokuwa akiletewa nyumbani alizirekebisha kama kawaida. Mwaitu anasema alikuwa akikaa kwenye kiti hiki anatazama njia ya kutoka barabarani, akiulizwa anamngoja nani anasema hangoji mtu. Mwezi wa saba presha ikampiga, wakampeleka hospitali, hakurudi. Wewe umesema gazeti lilimwua. Daktari alisema alikuwa na presha miaka mingi bila kujua. Nimelishika hilo neno la daktari kwa mikono yote miwili, Ndanu, na halinisaidii kitu.

Siku ya maziko unaikumbuka. Mbinya aliomba aseme, akasimama na ile fimbo yake, akasema marehemu alimficha aibu miaka kumi na saba na mtu asiyemjua akaifichua kwa siku moja, na Mungu amsamehe mtu huyo kwa kuwa yeye Mbinya bado hajaweza. Watu wakasema amina. Kisha wewe, tulipokuwa tunatupia udongo, ukasema kwamba ukimjua huyo mhakiki utamshonea nakala nyingine kwa mkono wako, umkalishe mbele yako aisome ukurasa kwa ukurasa. Mimi nilikuwa nimeshika sepetu karibu yako. Nilisema amina kwa Mbinya, na kwako wewe nilitikisa kichwa kukubali.

Mwaitu hajarudi. Nimeandika karatasi hizi zote nikimwita "mhakiki" kana kwamba ni mtu wa mbali ninayemfahamu kwa sifa tu. Wewe ulitafuta kwa dereva, ukatafuta kwa Njogu, ukatafuta kwa karani wa soko. Wahenga walikwisha kusema kikulacho ki nguoni mwako. Waliojua kuhusu debe lile walikuwa watu watatu. Dereva alikufa, na Baba hakuandika.

Ni mimi.

Ni mimi niliyeandika, dada yangu. Waithaka alikishika kitabu, akasoma nyuma ya jalada kwamba mwandishi ni fundi wa mizani wa Kalama, chumba kizima kikacheka, mmoja akauliza kama huyo fundi atajenga barabara kwa mizani. Kazini wananijua kwa jina la ubatizo na la Kisilu tu, hakuna aliyejua kwamba J. Wathome ni baba yangu. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ingetosha kusema, "Huyo ni baba yangu, mpe mtu mwingine." Badala yake nilicheka. Nilicheka wa kwanza na kwa sauti kubwa kuliko wote, na Waithaka akadhani nimekipenda kwa kukidhihaki, akanirushia. Kulikuwa na maneno kwamba ofisi itaajiri mmoja wetu kwa kudumu, na nilitaka nionekane mtu wa akili, si mtoto wa mzee mwenye mawazo ya ajabu. Petro alikana kwa mdomo, kando ya moto, akiogopa kuuawa. Mimi nilikana kwa maandishi, kwenye kiti cha kuzunguka, na hakuna aliyekuwa amenitisha.

Na sikukisoma. Hilo ndilo swali lako la kwanza, na jibu ni hapana. Nilisoma zile kurasa kumi na sita zilizokatwa. Nyingine niliziacha zimeungana, kisu sikukitafuta. Nilijua Baba anafikiri nini, nilimsikiliza mezani utoto wangu wote, na hukumu ilikuwa tayari. Lile debe liliniponyoka tu. Nilikuwa nahitaji kichekesho cha kumalizia, nikaandika nilichokikumbuka mimi, nikadhani nimekitoa kitabuni. Nilipogundua, gazeti lilikuwa limekwisha kutoka, na bado sikukata kurasa kuhakikisha, kwa uoga.

Kuna jingine baya zaidi. Kwetu gazetini, barua ya kulalamikia uhakiki haiendi kwa mhariri. Hupewa yule yule aliyeandika uhakiki, aamue kama inafaa kuchapishwa. Sijui ni nani alibuni desturi hiyo, lakini sijawahi kuona mtu akichapisha inayomsema vibaya. Mwezi wa tatu bahasha ililetwa mezani kwangu, na niliutambua mwandiko kabla haijatua. Niliitia kwenye saraka ya meza bila kuifungua. Nilidhani nayajua yaliyomo. Kila aliyepita karibu na saraka ile nilihisi amenusa. Baba aliishi miezi minne baada ya hapo, akiitazama njia, na jibu lake lilikuwa kwangu.

Niliifungua juma moja baada ya kumzika. Nainakili hapa yote, ni fupi:

"Kwa Mhariri. Nimesoma uhakiki wa kitabu changu. Naomba aliyeuandika asiadhibiwe wala asidaiwe jina. Nimeandika kitabu kizima kusema mtu aachwe aseme anavyoona, sitakitangua kwa sababu safari hii aliyesemwa ni mimi. Namwomba kitu kimoja tu, akate kurasa zilizobaki, kwa maana alizozitaja zote ni za mbele. Sura ya saba inamhusu. Mahindi yalikuwa magunia mawili na debe moja, kama alivyosema. Mimi sikuliandika debe hilo mahali popote. Nashukuru kwamba bado anakumbuka. Wasalaam, J. Wathome, fundi wa mizani, Kalama."

Alijua, Ndanu. Alijua tangu siku ile ile, kwa kipimo, kama alivyojua kila kitu. Na hakumwambia mwaitu, hakukwambia wewe. Alinitunzia mimi siri kama alivyomtunzia Mbinya.

Nilitafuta kisu nikakata. Nakala yangu ni namba 41. Sura ya saba inaitwa "Mwethya". Mimi niliyeandika kwamba hamjui jirani, nilikuta kurasa ishirini na mbili za majirani watupu. Ameandika matuta, ameandika bwawa la mchanga, ameandika nyungo zile kando ya barabara, na kwamba hakuna chifu aliyewaamuru wanawake wale wala askari aliyewasimamia. Hata lile swali la barabara amelijibu, na kwa ucheshi, usingedhani ni yeye. Sikubaliani naye kwa yote hata leo. Zahanati ya serikali ndiyo iliyomwokoa mwaitu alipougua homa ya mapafu, na yeye mwenyewe amekubali hivyo katika sura ya tano, ingawa shingo upande. Ningeweza kuandika uhakiki mkali na wa haki. Angeupenda, angebishana nao mwaka mzima.

Mwisho wa sura ile ameandika hivi, nayo ndiyo inayonizuia kula: "Siku ile mwanangu alikuwa amepiga magoti anayaokota mahindi kwa mikono akitia kwenye shati lake. Aliniuliza, Baba, haya mahindi kwani ni ya nani? Sikuwa na jibu. Nimelitafuta miaka mingi, na kitabu hiki ndicho jibu langu kwake."

Sikumbuki kuuliza swali hilo, Ndanu. Nakumbuka debe, swali sikulikumbuka. Aliandika miaka minne akimjibu mtoto mmoja, nami nikamwambia umma wote kwamba ulimwengu wake hauna mtu ila yeye.

Jumatatu nitarudi Nairobi. Nimekwisha kumwandikia Waithaka habari yote na kumwomba aichapishe barua ya Baba Jumamosi ijayo, na chini yake maelezo yangu mafupi kwamba mhakiki hakukisoma kitabu, pamoja na jina langu kamili. Amenipigia simu dukani. Akasema ataichapisha, ila nisitarajie kukuta kiti changu. Sikubishana naye. Akaniuliza pia, kwa sauti ya chini, kama ninaweza kumpatia nakala, kwa kuwa ile ya pili haijulikani ilikokwenda. Vitabu viko ghalani, nitampelekea, na kisu nitampa.

Mwaitu nitamwambia leo akirudi, kabla ya chakula. Kwa Mbinya nitakwenda kesho baada ya kanisa, nimwambie mbele ya wenzake wa mwethya kama watanipa nafasi. Sikwandikii ili unitetee kwao. Wala sikuombi msamaha katika barua hii, kwa kuwa nimekwisha kuona ninavyotumia karatasi kujificha. Nitaomba nikiwa mbele yako. Pamoja na barua hii utapata nakala namba 41. Nimeutambua mshono wako, ule wa kurudi nyuma mara mbili, na nimekata kila ukurasa bila kugusa uzi hata mmoja. Ulisema utamkalisha mhakiki mbele yako asome. Nikija Ndithini usiniandalie chai. Niwekee kiti tu, nami nitasoma kwa sauti tangu ukurasa wa kwanza, watoto wa Mutinda wakitaka kusikiliza wasikilize. Mwaitu alisema mahindi si maji. Mimi nilimwaga maneno, na sijui maneno ni ya upande gani.

Msalimie Mutinda, mwambie lile jembe lake bado liko huku. Wabusu watoto. Mbuzi wako anaendelea vizuri, ana doa jeupe kwenye sikio. Mungu akulinde hadi tutakapoonana, ikiwa utataka tuonane.

Uliniomba jina la Mhakiki Wetu. Nimeliandika hapa chini kwa mkono wangu.

Ndugu yako,
Linus Kisilu Wathome